Pasipoti haipo, na nyumbani wananisubiri

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kwamba Mtanzania aliyekwama nje bila pasipoti anaweza kurudi kwa hati ya dharura ya safari. Barua zilizofuata ni nyingi, na nyingi zimetoka Ghuba. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilifanya kazi kwa miaka mingi kwenye dirisha la huduma za kikonseli katika nchi moja ya Ghuba, nikipokea fomu, nikihoji waombaji na kupiga simu Uhamiaji nyumbani. Sasa nimestaafu, naishi Tanga. Majina ya walioandika nimeyaficha, na barua ndefu nimezifupisha.

*Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa Muheza, nafanya kazi za ndani Sohar, Oman. Pasipoti yangu kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, aliichukua siku ileile niliyoshuka kwenye ndege, sijaiona tena. Mshahara wamenizuilia, na kipigo kilipozidi nikaondoka. Sasa nimejificha kwa dada mmoja Mpemba. Mama yangu amelazwa hospitali ya Bombo, Tanga, hali si nzuri. Nasikia ubalozi wanatoa hati ya kurudia. Nikienda, hawatanirudisha kwa kafili? Na wakinipa, naweza kupanda ndege siku hiyohiyo?*
Binti wa Muheza

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amjalie mama afya.

Hofu yako ya kwanza iondoe. Kumrudisha mfanyakazi kwa kafili si kazi ya ubalozi. Kazi yake mojawapo, iliyoandikwa wazi katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, ni kuwapa raia wake pasipoti na hati za safari. Ikitokea mtu yeyote akakushauri urudi umalizie mkataba kwenye nyumba uliyopigwa, una haki ya kukataa na kusema: nimekuja kuomba hati ya kurudi kwetu. Kwa hiyo nenda Muscat. Kutoka Sohar ni kama kilomita 200. Piga simu ubalozini kabla hujatoka, uwaambie jina lako kamili, uko wapi na unakuja lini. Ukisimamishwa njiani, kuna mtu ndani ya ofisi ambaye tayari anajua kwamba upo. Namba ya ubalozi ishike kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa mtu anapokamatwa. Na ukikamatwa, omba ubalozi wako ujulishwe. Mkataba huohuo, ibara ya 36, unakupa haki hiyo, na Oman imeuridhia.

Swali lako la pili ndilo lililowaliza wengi mbele yangu. Hati ya dharura inasema mambo mawili tu: kwamba wewe ni Mtanzania, na kwamba Tanzania itakupokea. Haisemi lolote kuhusu maisha yako Oman. Ruhusa ya kutoka Oman inatoka kwa Waomani, na askari wa pale uwanjani akiingiza jina lako kwenye kompyuta anaangalia viza, bataka (kitambulisho cha ukaazi), faini, na kama kafili amefungua taarifa kwamba umetoroka. Nimewaona wasichana wakipewa hati saa nne asubuhi, wakanunua tiketi ya usiku kwa pesa za kuchangiwa, na kesho yake alfajiri wako tena mlangoni kwetu na mabegi yao. Tiketi imeungua, pesa za watu zimekwenda. Hati ilikuwa halali, lakini upande wa pili ulikuwa haujasafishwa.

Ndiyo maana nakuomba uende kwa utaratibu, hata kama roho inakwenda mbio kwa ajili ya mama.

Kwanza, usiende polisi kusema pasipoti imepotea. Wewe unajua iko wapi. Ukiandikisha kwamba imepotea, na kesho kafili akaitoa kabatini, wewe ndiye utakayeonekana umetoa taarifa ya uongo. Ubalozini sema ukweli: iko kwa kafili, jina lake hili, simu yake hii, nyumba iko mtaa fulani, na ofisi iliyonileta ni hii. Waombe wampigie. Wizara ya kazi ya Oman ilitoa waraka mwaka 2006 unaomkataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi wa kigeni. Kweli, wengi hawauheshimu. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu imejaa habari za pasipoti kuchukuliwa uwanja wa ndege, kama ilivyokuwa kwako. Lakini nimesikia kwa masikio yangu sauti ya mwajiri ikilainika anapoambiwa na ofisa kwamba kitabu alichokifungia ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Wapo waliokileta jioni ileile. Na kikipatikana kikiwa hakijaisha muda, huhitaji hati ya dharura hata kidogo.

Pili, uthibitisho kwamba wewe ni wa kwetu. Hukuniambia una karatasi gani. Picha ya ukurasa wa pasipoti kwenye simu ya dada yako, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, chochote. Kwa sababu uliwahi kupewa pasipoti, kumbukumbu zako zipo Uhamiaji, na wakipata jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti wanakuona haraka. Ukikosa namba utahojiwa, na usione vibaya. Kiswahili peke yake hakitoshi. Wanaozungumza Kiswahili safi pale Muscat ni pamoja na Wakenya, Wakongo, Warundi, na Waomani wenyewe waliozaliwa Unguja.

Nakumbuka binti mmoja wa Handeni, hana kitu ila simu yenye kioo kilichopasuka. Nikamuuliza shule ya msingi aliyosoma, mwalimu mkuu aliitwa nani, mjumbe wa mtaa wao ni nani, gulio lao ni siku gani. Alijibu bila kufikiri. Tukampigia shangazi yake. Shangazi akaenda kupekua sanduku la marehemu bibi, akarudi na kadi ya kliniki, ile yenye mstari wa uzito wa mtoto, iliyochanika pembeni, jina la mama na zahanati bado yanasomeka. Akaipiga picha juu ya kanga na kuituma. Kadi ile, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji iliyofuata kesho yake, ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Kwa hiyo mwambie mtu wa kwenu leo, asingoje kesho, atafute kila karatasi yenye jina lako na aende kwa mtendaji.

Tatu, ndiyo huo upande wa Oman. Uliza ubalozini kama kafili ameshafungua taarifa ya kutoroka. Kama ameifungua, ama aifute kwa makubaliano, ama jambo lipitie wizara ya kazi na polisi mpaka upate kibali cha kuondoka. Hapo ndipo siku zinapokwenda, na ofisa anayekuahidi kwamba kesho utakuwa nyumbani anakufariji tu. Katika mazungumzo hayo, angalia sana karatasi za Kiarabu. Kafili huweza kukubali kufuta taarifa kwa sharti usaini kwamba umelipwa haki zako zote. Usisaini kitu ambacho hujasomewa kwa Kiswahili na mtu asiye wa upande wake. Kuhusu mshahara wako, mimi ningeandikisha madai wizarani kabla ya kuondoka hata kama huwezi kungoja hukumu, kwa sababu ukishapanda ndege bila kuandikisha, kuyadai ukiwa Muheza ni kazi ngumu mno. Uliza kama unaweza kumwachia mtu uwakili wa kuyafuatilia. Lakini kama daktari wa mama anasema njoo sasa, njoo. Ni uamuzi wako, na sitakulaumu.

Tiketi: weka nafasi, usilipe mpaka ruhusa ya kutoka imepatikana. Na tafuta ndege inayotoka Muscat moja kwa moja hadi Dar au Zanzibar. Sababu yake utaiona kwenye jibu linalofuata.

*Habari dada. Nimemleta mke wangu Chennai, India, kwa upasuaji wa moyo. Namshukuru Mungu umekwenda vizuri. Tukitoka hospitali kwenda nyumba ya wageni, mkoba wenye pasipoti zote mbili umeibwa kwenye bajaji. Tiketi zetu za kurudi kupitia Mumbai ni wiki ijayo. Ubalozi uko Delhi, na mgonjwa ana mshono kifuani. Nifanyeje?*
Mume wa mgonjwa, kutoka Morogoro

Pole kaka, na hongera kwa mgonjwa kutoka salama.

Leo hii, kabla ya jua kuzama, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mlipoibiwa uchukue ripoti ya maandishi, yenye mhuri, inayotaja pasipoti mbili na majina yenu nyote wawili. Bila karatasi hiyo hakuna mlango utakaofunguka, Delhi wala Chennai. Hospitali za kule zimezoea wageni, na zina dawati la wagonjwa wa nje ya nchi. Mwombe mhudumu wa dawati hilo aende nawe, kwa sababu ya lugha, na akupe nakala za pasipoti zenu. Walizipiga siku mlipolazwa, hilo sina shaka nalo.

Kisha piga simu ubalozini Delhi. Usimsafirishe mgonjwa kabla hujazungumza nao. Waeleze kwamba ana mshono, watumie barua ya daktari, nakala za pasipoti, ripoti ya polisi na picha ndogo zenu, na uwaulize moja kwa moja kama unaweza kufika wewe peke yako kwa niaba yake, au kama zipo nyaraka mnazoweza kutuma na kupokea kwa kampuni ya vifurushi. Ofisa akipata maelezo kamili kwa mara moja anaweza kuamua. Akipata nusu leo na nusu keshokutwa, faili linalala.

Sasa sikiliza hili, kwa maana ndilo linalowakwamisha wagonjwa wetu India. Viza zenu zimekwenda na pasipoti. Hati ya dharura mtakayopewa ni mpya, haina muhuri wa kuingia India, na uwanja wa ndege wa Mumbai hawatawaruhusu kutoka kwa hati tupu. Inahitajika ruhusa ya kutoka, ambayo hutolewa na ofisi ya usajili wa wageni, inayojulikana kote India kwa herufi FRRO. Chennai wanayo ofisi hiyo, na maombi hujazwa kwenye mtandao wa e-FRRO, bila foleni. Watataka hati mpya za safari, ripoti ya polisi, nakala ya viza ya matibabu na ya msindikizaji, barua ya hospitali, na fomu ya kumwandikisha mgeni, ambayo wengi huijua kwa jina la Form C, na ambayo mwenye nyumba ya wageni anatakiwa kuijaza kila anapopokea mgeni. Mkamate mwenye nyumba leo akupe nakala. Kama hakuijaza, aijaze, maana utakwama kwa kosa lake.

Kwa hiyo mnapita mlango wa polisi, mlango wa ubalozi, na mlango wa FRRO, na kila mmoja unategemea karatasi ya ule uliotangulia. Wiki moja haitoshi. Ipigie kampuni ya ndege sasa hivi usogeze tarehe, kwa sababu kubadili tiketi kabla ya safari kuna gharama ndogo kuliko ndege ikuache. Ukiwa nao kwenye simu, uliza pia karatasi ya daktari wanayotaka kwa abiria aliyepasuliwa kifua. Mashirika mengi huitaka.

Tena waulize swali ambalo watu husahau: je, mnakubali abiria mwenye hati ya dharura kwa njia hii yote? Shirika likimbeba mtu asiye na karatasi sahihi hutozwa faini na nchi anakoshukia, kwa hiyo mtu wa kaunta hana huruma, anasoma masharti kwenye skrini. Zipo nchi zisizomruhusu mwenye hati ya dharura kubadili ndege kwao. Mumbai hadi Dar ipo ndege ya moja kwa moja. Mgonjwa mwenye mshono asilale sakafuni kwenye uwanja wa nchi ya tatu kwa sababu ya tiketi iliyokuwa nafuu kidogo.

*Mama, shikamoo. Niko Sharjah na mtoto wangu wa miezi mitatu. Baba yake ni Mkenya, tulifunga ndoa Mombasa kwa kadhi, na sasa ameshatangulia nyumbani baada ya kazi kuisha. Mtoto hana pasipoti wala ukaazi. Pasipoti yangu mwenyewe imeisha muda. Naweza kumwandika kwenye hati yangu ya dharura? Na niende kwa Wakenya au kwa Watanzania?*
Mama Iptisam

Marahaba mwanangu, hongera kwa mtoto.

Kumwandika mtoto kwenye hati ya mama kulikuwepo zamani. Siku hizi kila mtu husafiri na hati yake, hata mtoto wa siku saba. Kwa hiyo mtaomba mbili.

Uende wapi? Mtoto wako ana bahati ya milango miwili. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtoto aliyezaliwa nje na mama aliyezaliwa Mtanzania ni Mtanzania tangu siku ya kwanza. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 14, mtoto wa baba Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa. Akifika utu uzima Tanzania itamtaka achague, lakini leo ni mtoto, na hilo lisikusumbue. Mimi nakushauri uende ofisi moja tu, ya Watanzania, kwa kuwa wewe mwenyewe unahitaji hati kutoka hapohapo, na mama na mtoto wakiwa na hati za nchi moja hawaulizwi maswali mengi kaunta. Ubalozi uko Abu Dhabi na ubalozi mdogo uko Dubai, ambako wewe wa Sharjah ni karibu. Mambo ya Kenya baba yake atayashughulikia Mombasa kwa utulivu.

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, siyo ile karatasi ya hospitali peke yake, na cheti cha ndoa. Majina ya wazazi kwenye vyeti hivyo yafanane herufi kwa herufi na yale ya pasipoti yako iliyoisha. Nimeshuhudia mama akirudishwa kwa sababu cheti kinasema Fatma na pasipoti inasema Fatuma. Kama kuna tofauti, ishughulikie kabla ya kupanga foleni. Beba pia barua ya baba inayokubali mtoto asafiri nawe, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kwa ndoa iliyo hai hawatakusumbua sana, lakini barua hiyo humaliza maneno.

Picha ya mtoto ndiyo huwachosha akina mama. Mlaze juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, karibu na dirisha ili asipate kivuli usoni, simama juu yake na umpige akiwa amefumbua macho na amefunga mdomo. Mkono wako usionekane, chuchu ya bandia isiwepo, kofia itoke. Mnyonyeshe kwanza. Mtoto mwenye njaa hapigiki picha.

Na usichelewe. Falme za Kiarabu humpa mtoto mchanga siku 120 tangu kuzaliwa awe amepatiwa ukaazi, baada ya hapo faini inaanza kuhesabiwa. Wewe mtoto wako ana miezi mitatu, hizo siku zinaishia. Angalia na viza yako mwenyewe, kwa sababu faini ya kuzidisha muda kule ni dirham 50 kwa kila siku, na hulipwa kabla ya kutoka. Kuna wakati serikali yao hufungua msamaha, kama ule wa kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Desemba 2024, ambapo waliozidisha muda waliruhusiwa kuondoka bila faini. Lakini usipange maisha ya mtoto kwa kungoja msamaha mwingine.

*Nina rafiki hapa Dubai anamjua kijana anayetoa hati ya dharura kwa dirham 1,500, unatuma picha kwa WhatsApp tu, huendi ubalozini. Wewe unasemaje?*
Msomaji wa Deira

Nasema usitume hata picha moja. Hati hutolewa na ubalozi au ubalozi mdogo, mwombaji akijulikana ni nani, kwa ada ya serikali inayolipwa kwa namba ya malipo na kupewa risiti. Huyo kijana atakupa mojawapo ya vitu viwili. Ama atakutoza dirham hizo zote kwa fomu ambayo ungejaza mwenyewe, ama atakupa karatasi ya kughushi. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko kukosa hati. Kukosa hati ni shida ya makaratasi, lakini kukamatwa uwanjani na hati ya bandia ni kesi ya jinai katika nchi ya watu. Na picha za uso wako na za kadi yako ya NIDA zikishakuwa mikononi mwake, hujui atazifanyia nini.

*Niliripoti pasipoti imepotea, nikapewa hati ya dharura. Jana nimeikuta ndani ya begi la zamani. Nisafirie ipi?*
Mwanafunzi, Kuala Lumpur

Safiria hati. Pasipoti ikisharipotiwa kwamba imepotea, serikali yako huifuta, na namba yake inaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kusomwa na maofisa wa mipaka wa nchi nyingi. Ukiionyesha mpakani, mashine inaweza kusema hii ni pasipoti ya wizi, na wewe mwenye sura yako utaanza kujieleza chumba cha nyuma. Irudishe ubalozini, wape na maelezo. Usiitupe, usiichome.

*Mimi ni Mkenya wa Kilifi, niko Riyadh kazi ya nyumba. Unayoandika yananihusu ama ni ya Watanzania pekee?*
Msomaji wa Riyadh

Yanakuhusu, dada yangu. Wewe mlango wako ni ubalozi wa Kenya, hapohapo Riyadh, na nakala ya kitambulisho chako cha taifa ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote. Ila Saudia ina uzito wake. Mageuzi ya sheria za kazi ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wa makampuni kuondoka bila idhini ya mwajiri, hayakuwagusa wafanyakazi wa majumbani. Kwa hiyo wewe bado unahitaji viza ya mwisho ya kutoka, na kama kafili amekuandikisha huroob, yaani umetoroka, jambo hilo lazima litatuliwe kabla ya tiketi. Mwambie ofisa wa ubalozi neno hilo siku ya kwanza kabisa, usilifiche kwa aibu. Wao wanalijua, na wanajua njia ya kwenda kwenye ofisi ya uhamiaji na ya kazi. Ukilificha, litajitokeza uwanja wa ndege.

*Nilirudi kutoka Muscat mwaka jana kwa hati ya dharura, waliichukua pale uwanja wa Julius Nyerere. Watu mtaani wanasema jina langu limeshachafuka, sitapewa pasipoti tena. Ni kweli?*
Wa Mbagala

Si kweli. Kurudi nyumbani kwa hati ya dharura si kosa, na Uhamiaji kuichukua ukifika ni kawaida, kwa sababu ni ya safari moja na safari ilikuwa imekwisha. Yale maswali waliyokuuliza pale, ulikuwa wapi, pasipoti ilikwendaje, nani alikupeleka, wanauliza kila mtu.

Kitu kingine kabisa ni kama Oman ilikufukuza kwa amri na kukuchukua alama za vidole. Hiyo ni rekodi ya kwao, inaweza kukuzuia kuingia kwao tena, lakini haikuzuii kuwa na pasipoti ya Tanzania. Kama hukumbuki ulitokaje, kumbuka karatasi uliyosaini usiku ule: ilikuwa ya kulipa faini ukaondoka, au ya amri ya kufukuzwa?

Pasipoti omba. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unapeleka nyaraka ofisini: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa chako, uthibitisho wa uraia wa mzazi, picha. Kwa kuwa ile ya zamani huna tena, nenda kwanza polisi Mbagala ukatoe taarifa, na hapo eleza ukweli ilivyokwenda: kama ilibaki Oman, sema ilibaki Oman, usiseme iliibiwa Kariakoo. Toka tarehe 31 Januari 2018 tunatumia pasipoti ya kielektroniki, na ya kawaida hudumu miaka 10, kwa hiyo hata kama huna safari sasa si hasara kuwa nayo. Wakikuuliza hati ya dharura iko wapi, wape tarehe uliyofika na ndege uliyopanda. Waliichukua wao, na kuitafuta ni kazi yao.